Sikio la Kushoto

Karatasi ilikuwa juu ya meza, kalamu juu ya karatasi, na mwanamke aliyetakiwa kuishika kalamu hiyo alikuwa amekunja mikono kifuani kama mtu anayesubiri wenzake wamalize upuuzi wao.

"Siandiki," alisema.

"Sijakwambia uandike," alijibu Inspekta. "Nimekuuliza wanakuitaje humu ndani."

"Bi Sukari."

Inspekta naye hakuwa mgeni wa majina ya kupachikwa. Kituoni walimwita Kiroboto, kwanza kwa kificho, halafu waziwazi walipoona halimkeri. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye subira ya kuudhi, na akishamwingia mtu nguoni hatoki mpaka mtu huyo avue. Asubuhi hiyo alikuwa ametumwa kazi nyepesi: aende taasisi ya utafiti wa magonjwa, achukue ungamo lenye sahihi, arudi kituoni. Aliyeitunga kazi hiyo alisahau kwamba Kiroboto huzichukia kazi nyepesi.

"Koplo, hebu tusomee."

Koplo, pande la mtu lililouziba mlango mzima, akaiinua karatasi na kusoma kwa sauti ya shuleni: "Mimi niliyetajwa hapa chini nakiri kwamba niliwatoa panya wasio na jeni katika kundi lao, nikaweka wengine mahali pao, na mambo yalipojulikana nikauficha ukweli. Naiomba radhi bodi ya taasisi, na najiuzulu kwa hiari yangu."

"Kwa hiari yangu!" Bi Sukari alicheka bila furaha. "Bodi inakaa saa nane. Nikisaini, natupwa nje kimyakimya na hakuna maabara itakayonichukua tena. Nisiposaini, wewe unanifunga pingu kwa wizi. Ndiyo hiari hiyo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nifunge, Afande. Sikusoma mpaka macho yakaniuma nije kuusaini uongo wa mtu."

Kiroboto akavuta kiti. Alipenda watu wanaojua kukasirika. Katika miaka yake ya kazi alikuwa ameona kwamba mwenye hatia hukasirika kwa kelele, na asiye na hatia hukasirika kwa hoja. Haikuwa sheria, lakini ilikuwa imemfaa mara nyingi.

"Nieleze hao panya. Nieleze kama unavyomweleza shangazi yako."

"Shangazi yangu mgumu kuelewa."

"Basi umepata wa kufanana naye."

Bi Sukari akalegeza mikono kidogo. "Juu ya gamba la kijidudu cha maradhi kuna sukari. Siyo hii ya chai. Ni sukari zilizojipanga kwa namna ambayo seli zetu wenyewe hazina. Sasa, ini linatengeneza protini moja inayozunguka kwenye damu, na kazi yake ni kuzishika sukari hizo. Ikishashika, imekamata mgeni. Inaita wenzake, kijidudu kinatobolewa, kinakufa. Haifundishwi na chanjo wala haingoji uugue kwanza ndiyo ijue. Unazaliwa nayo."

"Mlinzi wa getini."

"Tuseme hivyo. Maelekezo ya kumtengeneza mlinzi huyo yako kwenye jeni. Panya wanayo, na sisi hapa tunao panya walioondolewa jeni hiyo. Wazazi tunaowazalisha wamechanganyika, kwa hiyo tumbo moja linatoa watoto wenye jeni na wasio nayo. Ukiwadunga bakteria, wasio nayo wanakufa upesi, ndugu zao wengi wanapona."

"Na safari hii?"

"Safari hii kundi la wasio na jeni baadhi walikufa, na baadhi walikuwa wanakimbizana kizimbani kama wako harusini. Nikawapima waliopona. Jeni wanayo! Nikaenda mwenyewe kwa Profesa, msimamizi wangu, nikamwambia, hawa siyo. Kesho yake nakuta kufuli jipya mlangoni, na jina langu liko polisi."

"Anasema uliwauza wale halisi kwa taasisi nyingine, ukaziba pengo na panya wa kawaida."

"Na mwizi ndiye aliyekwenda kuripoti wizi wake?"

Swali hilo Kiroboto alikuwa nalo tangu alipofungua jalada, na lilikuwa likimwasha.

Simu yake ikalia. Alikuwa Mkuu wa kituo.

"Sahihi umepata?"

"Bado, Afande."

"Inspekta, Profesa ni mtu mzito. Usianze yale mambo yako. Chukua sahihi urudi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Basi nitarudi nikichechemea, Afande." Akakata.

Koplo akatazama dari. Ndivyo alivyofanya kila mara bosi wake alipojitafutia uhamisho.

Profesa waliyemkuta ukumbini alikuwa nadhifu kuanzia viatu hadi ndevu. Alikuwa mtu wa kuuma na kupuliza. Alimshika Kiroboto mkono kwa mikono yake yote miwili, akasikitika, akaugulia. Alisema yeye ndiye aliyemlea binti yule kitaaluma, kwa mikono yake. Ndiyo maana alipendekeza asipelekwe mahakamani.

"Ufunguo wa chumba cha panya walikuwa nao wangapi?"

"Watatu. Mimi, yeye, na mtunza panya. Mtunza panya alikwenda msibani wiki ile. Na mimi sijamgusa panya kwa mkono huu tangu mmoja aliponing'ata." Akaonyesha kidole chenye kovu dogo. "Hesabu mwenyewe, Inspekta, anabaki nani."

"Na maiti za jaribio?"

"Zimechomwa. Usalama wa afya, ndio utaratibu wetu."

"Pole kwa kidole," alisema Kiroboto.

Alipohakikisha Profesa amekwisha kuingia ofisini kwake, alirudi akamchukua Bi Sukari. Tangazo mlangoni mwa chumba cha panya lilisema mtafiti huyo haruhusiwi kuvuka hapo. Kiroboto alilisoma mpaka mwisho kwa heshima zote, halafu akabisha.

Mtunza panya, ambaye taasisi nzima ilimwita Mjomba, alifungua akiwa na funguo mkononi. Alipomwona Bi Sukari uso wake ulichangamka. Alipoziona sare za Koplo ukanywea. Aliwapa makoti meupe, barakoa na glavu. Koti la Koplo lilikataa kufunga kifungo hata kimoja. Ndani palikuwa na joto, na harufu ya mkojo na maranda ya mbao. Vizimba vya plastiki angavu vilijaa kwenye rafu mpaka juu, na ndani yake vitu vidogo vyeusi vilichakura bila kupumzika.

"Mimi nibaki mlangoni," alisema Koplo.

"Unaogopa panya?"

"Siogopi, Afande. Sipatani nao tu."

Kiroboto alikuwa hamtazami. Alikuwa anamtazama Mjomba, aliyekuwa amesimama mbele ya friza kubwa kama golikipa. Kila alipohama, Mjomba naye alihama. Jasho lilimtoka mpaka barakoa ikalowa. Ufunguo alikuwa nao, na msiba ni kitu ambacho mtu anaweza kukisingizia. Kwa muda Kiroboto alidhani amempata mtu wake, na moyo wake haukufurahi, maana mzee alikuwa na sura ya watu wanaoombwa kila kitu na kushukuriwa kwa nadra.

"Mjomba, humo mna nini?"

"Chakula cha panya, mwanangu."

"Chakula cha panya kinagandishwa tangu lini?"

Mjomba akamwangalia Bi Sukari, akaangalia sakafu, akapiga moyo konde. "Tanuri limekufa. Nimelalamika mpaka nimechoka. Profesa akaniambia mfuko wa maiti za jaribio niuchome siku hiyohiyo. Nikasema ndiyo, maana yule ukimwambia haiwezekani anadhani umekataa. Nikauficha humu nangoja fundi. Nifukuzeni mimi, lakini wizi sijui."

"Huwa mnachoma kila siku?"

"Kila siku tuchome nini? Tunangoja mfuko ujae. Ule haukufika hata nusu."

"Siku hiyohiyo ni siku gani?"

"Siku huyu hapa," akamwonyesha Bi Sukari kwa kidevu, "alipotoka ofisini kwa Profesa amenuna. Hakufika mbali, nami nikaitwa."

Kabla Profesa hajakwenda polisi, basi. Kiroboto alilihifadhi hilo.

"Ulipokuwa msibani, nani aliwapanga panya kwenye makundi?"

"Sikuwepo. Nimerudi nimekuta tayari, na lile bomba la plastiki limetupwa kwenye sinki, halikuoshwa." Akamwonyesha bomba fupi, angavu, pana kiasi cha panya kupita. "Panya anaingia mwenyewe, unamtazama kwa nje. Ni la wageni na waoga. Mimi na huyu binti hatuligusi."

"Mimi sikutakiwa kujua nani yuko wapi," Bi Sukari alidakia. "Ndivyo tunavyofanya, ili anayedunga asipendelee. Nilipima vipande vya masikio nikampa Profesa majibu. Akasema atahakikisha wamepangwa. Mimi nikaletewa vizimba vyenye kadi za kijani na vyenye kadi za njano. Baadaye ndipo nikaambiwa kijani ni wasio na jeni."

"Vipande vya masikio?"

"Tunatoboa masikio kuwatambua. Wote weusi tii, utawajuaje? Kwa hiyo kila kizimba kina mwenye tobo la kushoto, mwenye la kulia, mwenye mawili, na asiye na tobo. Kile kipande kinachotoka ndicho ninachopima; asiye na tobo namkata ncha ya mkia. Halafu naandika: kizimba hiki, asiye na jeni ni wa kushoto. Au ni wa mawili. Inategemea."

"Nionyeshe waliopona wa kijani."

Bi Sukari akafungua kizimba, akaingiza mkono, akainua panya kwa ngozi ya kisogo, mgongo juu, pua imeelekea mbele. Mnyama akatulia kama paka aliyebebwa na mama yake.

"Tobo la kulia," alisema. Akamweka kizimba cha pembeni, akainua mwingine. "Kulia. Huyu kushoto. Kulia."

Koplo alikuwa amevutika bila kujijua. Alikuwa ameinama upande wa pili wa kile kizimba cha pembeni, akiwachungulia kupitia ukuta wake wa plastiki, umbali ambao aliuona ni salama. Panya mmoja alisimama kwa miguu ya nyuma akamtazama usoni.

"Huyu wa kwanza mmemkosea," alisema. "Tobo liko kushoto."

"Kulia," alisema Bi Sukari.

"Dada, mimi nina macho. Ninamwona huyu hapa. Kushoto!"

"Kushoto kwako au kwake?"

"Kwani kuna..." Koplo akainua mkono wake wa kushoto, akamtazama panya, akaushusha.

Wenye chumba waliendelea kuchakura. Kiroboto alihisi furaha imempanda mpaka kwenye masikio yake mwenyewe.

"Endelea kutoa," alimwambia Bi Sukari. "Wote waliopona wa kijani. Uniambie ukimpata mwenye matobo mawili. Au asiye na tobo."

Bi Sukari alitoa mmoja baada ya mwingine mpaka kizimba kikabaki na maranda matupu. Wote walikuwa na tobo moja.

"Hakuna," alisema.

"Mwizi gani anachagua panya kwa masikio?" alisema Kiroboto. "Mwizi anazoa. Lakini mtu anayewatazama uso kwa uso, kushoto kwake ni kulia kwao. Mwenye matobo mawili hawezi kumkosea, asiye na tobo hawezi kumkosea. Anawakosea hawa tu. Anatumwa amchukue wa kushoto, anamchukua ndugu yake wa kulia, na yule wa kushoto anakwenda..."

"Njano," alisema Bi Sukari. "Anakwenda kwa wenye jeni, anadungwa, anakufa, na hakuna anayeshangaa kwa sababu hata wenye jeni huwa wanakufa wachache." Alilifikia friza kabla Mjomba hajasogea vizuri. "Nilitaka kuwapima waliokufa! Nikaambiwa ni majivu!"

Mfuko ulitoka umeganda. Maiti za njano zilikuwa zimefungwa peke yake, na karibu zote zilikuwa na tobo moja.

Bi Sukari hakuruhusiwa kugusa mashine ya kupimia jeni, na Kiroboto hakutaka aiguse. Alitaka majibu ambayo hakuna wa kuyatilia shaka. Alimwita fundi wa mashine kutoka maabara ya ghorofa ya chini, fundi huyo akakata vipande vya maiti mbele ya macho ya wote, Koplo akavibeba kwa mikono miwili na kuapa hataondoka pale mpaka mashine iseme.

Saa nane bodi ilikaa. Mwenyekiti, mama wa makamo mwenye miwani ya mnyororo, alikuwa bado anafungua kikao Kiroboto alipoingia na Bi Sukari nyuma yake. Kiroboto alibeba bomba la plastiki, na ndani ya bomba alikuwemo panya mmoja.

"Inspekta, hiki ni kikao cha ndani," alisema Profesa.

"Sitakaa. Nina swali moja, nalo ni la utaalamu." Akaliweka bomba mbele yake. "Polisi tumebishana. Huyu ametobolewa sikio gani?"

Profesa aliwatazama wajumbe, akatabasamu kama mtu anayewavumilia watoto. Akalishika bomba kwa ncha za vidole, akaligeuza mpaka panya akamwelekea, akatazama.

"La kushoto," alisema. "Hilo ndilo lililowaleta?"

"Bi Sukari."

Bi Sukari akamtoa panya, akamshika kisogo, mgongo juu, akampitisha mbele ya wajumbe taratibu. Mmoja alisukuma kiti nyuma. Mwenyekiti alivaa miwani yake, akaja upande wa Bi Sukari, nyuma ya panya, akainama mpaka pua yake ikakaribia masikio.

"Hili ni sikio la kulia," alisema Mwenyekiti.

"La kulia," alisema Kiroboto. "Profesa, mpaka dakika hii hukujua ulikosea wapi. Ulijua tu kwamba aliyepanga ni wewe, na kwamba binti huyu amegundua. Mjomba alikuwa msibani, ulikuwa na haraka, ukawapanga mwenyewe, kwa bomba, kwa sababu ya kile kidole."

"Hizo ni dhana. Panya wangu wameibwa! Wako wapi?"

Mlango ukafunguliwa bila kubishwa. Koplo aliingia, koti jeupe likimpepea mabegani, akasimama wima.

"Afande, majibu. Maiti za njano zenye tobo moja, karibu zote hazina jeni."

"Hao hapo," alisema Kiroboto. "Hakuna aliyeibwa. Walikuwa kwenye friza la taasisi, ndani ya mfuko ulioagiza uchomwe."

Profesa akazipapasa ndevu zake. "Kukosea ni ubinadamu," alisema.

"Kukosea sikio, sawa. Lakini uliagiza mfuko uchomwe kabla ya kuja kituoni, ndipo ukaja ukamtaja mtoto wa watu. Hilo nalo tuliite nini?"

Simu ya Kiroboto ilitetemeka mfukoni. Alijua ni nani, akaiacha itetemeke.

Mwenyekiti alikohoa. Alikuwa mtu mwema, na watu wema hupenda mambo yaishe. "Binti yangu, tumeelewa. Bodi inafuta shauri hili. Tunakusamehe, urudi kazini, na yaliyopita..."

"Mnanisamehe nini?"

Mwenyekiti akavua miwani yake.

"Samahani, mama, nauliza kwa adabu. Mnanisamehe nini? Kugundua? Mmebadilisha kufuli kwa sababu yangu. Mmenitangaza mwizi mlangoni, kwa herufi kubwa, Mjomba analisoma tangazo hilo kila asubuhi. Sikuja hapa kusamehewa." Hasira ilikuwa imempanda na hakuificha, wala hakuiacha imkimbie. Akampa Mjomba, aliyekuwa amechungulia mlangoni, yule panya. Akavua glavu. Kisha akatoa mfukoni ile karatasi ya ungamo, aliyokuwa ameichukua mezani, sasa ikiwa na mikunjo, akainyoosha kwa kiganja juu ya meza.

"Nimeisoma tena," alisema. "Niliwatoa panya wasio na jeni katika kundi lao. Nikaweka wengine mahali pao. Mambo yalipojulikana nikauficha ukweli. Kila neno ni kweli. Walikosea jina tu."

Akachukua kalamu ya Mwenyekiti bila kuomba, akalipiga mstari jina lake, mstari mmoja ulionyooka. Akaisukuma karatasi mpaka mwisho wa meza, na kalamu juu yake.

"Saini, Profesa," alisema. "Kwa hiari yako."